Kugawanya kwa namba kubwa: miaka elfu tatu ya kukisia

Mimi mzima, kazi zinaendelea, na baridi ya huku ndiyo ile ile mnayoisikia kwenye simu kila nikiongea huku meno yanagongana. Najua niliahidi kuandika juu ya kodi za nyumba huku Uingereza, lakini hilo litangoja kidogo. Dada ameniandikia kwamba binti yake aliye darasa la tano amefika kwenye kugawanya kwa namba zenye tarakimu mbili, na hapo amekwama. Kugawanya kwa 6 au kwa 9 anaweza bila shida. Akipewa 8,621 gawanya kwa 37, kalamu inasimama na machozi yanaanza. Shemeji naye keshatoa hukumu: "Huyu mtoto hesabu hana."

Nikaona nisimjibu dada peke yake. Najua hukumu ya namna hiyo imeshatolewa katika nyumba nyingi, na wapo watu wazima wanaosoma ukurasa huu ambao walihukumiwa hivyo na hadi leo wanaamini. Kwa hiyo leo nataka niwasimulie historia ya hesabu hii moja tu, kugawanya kwa njia ndefu, mpate kuona ni watu gani walihangaika nayo kabla ya mtoto wetu na kwa muda gani. Mwisho nitawaambia kwa nini muuguzi kama mimi inamhusu.

Kwanza tuelewane ugumu uko wapi. Ukimwambia mtoto agawanye 54 kwa 9, hagawanyi chochote. Anakumbuka tu. Tebo ya tisa iko kichwani, ameiimba tangu darasa la pili. Lakini kwa kawaida shule haimkaririshi mtoto tebo ya 37. Kwa hiyo akifika kwenye 86 na kuulizwa 37 inaingia mara ngapi, kumbukumbu haimsaidii tena. Lazima akisie, ajaribu, aone kama amezidisha au amepunguza, kisha arekebishe. Hii ni hesabu ya kwanza anayokutana nayo maishani ambayo inamtaka akisie kabla ya kujua. Hakuna aliyemwambia kwamba kukisia kunaruhusiwa, ndiyo maana anadhani mwenyewe ni mjinga. Na historia yote nitakayowasimulia ni ya watu waliokuwa wakitafuta namna ya kulipunguza hilo kisio.

Tuanzie Misri, barani kwetu. Yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja aitwaye Ahmose alinakili kwenye mafunjo mkusanyiko wa maswali ya hesabu yapatayo 84. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na leo sehemu yake kubwa iko katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Yamejaa mambo ya kugawana: mikate, nafaka, posho za wafanyakazi. Ahmose hakuhitaji tebo yoyote. Alichohitaji ni kujua kuongeza mara mbili.

Tuchukue hesabu ya mtoto wetu. Tuseme akina mama 37 wa upatu wanagawana shilingi 8,621. Mmisri angeandika hivi, kila mstari ukiwa mara mbili ya ule wa juu:

1 — 37
2 — 74
4 — 148
8 — 296
16 — 592
32 — 1,184
64 — 2,368
128 — 4,736

Angesimama hapo, kwa kuwa mstari unaofuata ungezidi 8,621. Kisha angetafuta upande wa kulia namba ambazo zikijumlishwa zinatoa 8,621. Nazo ni 4,736 na 2,368 na 1,184 na 296 na 37. Halafu anajumlisha namba za kushoto za mistari hiyo hiyo: 128 na 64 na 32 na 8 na 1. Jibu ni 233. Kila mama anaondoka na shilingi 233 na ugomvi hakuna. Mnaona ujanja wake? Swali gumu la "inaingia mara ngapi" amelivunja likawa maswali madogo ya "inatosha au haitoshi". Njia hii ni ndefu kidogo, lakini haina pa kukwamia.

Wababeli wa Iraq ya leo, miaka kama 1800 kabla ya Kristo, walikwenda njia nyingine. Wao walihesabu kwa sitini sitini, na waliandika kwenye vigae vya udongo majedwali ya kugeuza kugawanya kuwe kuzidisha. Badala ya kugawanya kwa 8, walizidisha kwa sehemu yake ya nane, ambayo ilikwisha kuandikwa kwenye jedwali. Ilikuwa rahisi sana kwa namba zinazoingia vizuri kwenye sitini. Kwa 7 ilikuwa taabu, kwani sehemu ya saba kwa hesabu ya sitini haina mwisho, na majedwali mengi yanairuka tu. Yaani hata wale mabingwa walikuwa na namba zao za kuruka! Ile sitini yao haijafa. Saa yako ina dakika 60 na dakika ina sekunde 60 kwa sababu yao, na mimi kila nikipanga dripu ya mgonjwa nagawanya kwa namba ya Babeli.

Sasa njooni karibu zaidi, kwenye maneno yetu wenyewe. Hesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hayo ni ya kwetu. Sita, saba, hapo umeshaingia Kiarabu. Nane umerudi nyumbani. Tisa umeondoka tena. Ishirini, thelathini, arobaini, hesabu, nusu, robo, thuluthi, baki, yote yalikuja na majahazi. Na sifuri pia. Neno hilo kwa Kiarabu lina maana ya kitu kitupu, na Waarabu walilitumia kutafsiri neno la Wahindi lenye maana hiyo hiyo, kwa kuwa tarakimu hizi tunazotumia zilitoka India. Mtu aliyezieneza sana ni al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu chake juu ya hesabu za Kihindi kwa Kiarabu kilipotea, na kilichobaki ni tafsiri ya Kilatini. Jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu ambalo mafundi wa kompyuta hawaishi kulitaja.

Jambo lililonivutia zaidi ni kifaa walichotumia. Hesabu hizo zilifanywa kwenye ubao uliomwagiwa vumbi au mchanga laini, ukaandika kwa kidole au kijiti. Ukitaka kugawanya, unaandika namba inayogawanywa, chini yake ile inayogawanya, unakisia, unatoa, kisha unafuta ya zamani na kuandika baki mahali pake. Unasogeza, unakisia tena, unafuta tena. Mwisho ubaoni panabaki jibu na baki tu. Ni njia ya haraka na haili karatasi. Lakini ukiulizwa "jibu hili umelipataje?" huna la kuonyesha. Nyayo zote umezifuta mwenyewe.

Katika mji wa Dameski, mwaka 341 wa Hijria, yaani karibu na 952 kwa kalenda ya Kizungu, mtu mmoja alilisema wazi tatizo hili. Aliitwa al-Uqlidisi. Aliandika kitabu cha hesabu za Kihindi na akaonyesha jinsi ya kuzifanya kwa wino na karatasi, bila kufuta. Sababu zake zinachekesha kidogo: mojawapo ni kwamba waheshimiwa wengi waliona aibu kuonekana na ubao wa vumbi, kwa kuwa ndio waliotumia wapiga ramli wa barabarani. Lakini nyuma ya aibu hiyo kulikuwa na jambo kubwa. Kwenye karatasi hesabu inabaki, na ikibaki inaweza kukaguliwa. Karatasi ilikuwa imeanza kutengenezwa Baghdad tangu mwisho wa karne ya 8, hivyo jambo hilo liliwezekana. Hata hivyo vumbi halikuachwa mara moja. Mazoea yana taabu.

Ulaya walichelewa. Walikuwa na tarakimu za Kirumi, zile za X na V na M, na mwenye kuthubutu kugawanya MMCDXV kwa XXXVII kwa maandishi na ajitokeze. Waliokuwa wakigawanya walitumia mbao za kuhesabia na vijiwe. Mwaka 1202 Leonardo wa Pisa, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Fibonacci, alitoa kitabu chake Liber Abaci na kuwaonyesha tarakimu za Kihindi pamoja na sura nzima ya kugawanya. Alizijifunzia wapi? Bejaia, Algeria ya leo, ambako baba yake alikuwa ofisa wa wafanyabiashara wa Pisa. Yaani mtoto wa Kizungu alipelekwa Afrika akasomeshwa hesabu, akarudi kwao kuwafundisha. Ile sifuri yetu akaiandika kwa Kilatini kama zephirum, Waitalia wakaifupisha, na ndiyo hiyo "zero" wanayoitamka Waingereza leo. Mkisikia mtoto anasema "ziro" badala ya sifuri, mwambieni ni neno lile lile limezunguka Italia.

Kutokana na kitabu hicho na vingine, Italia ikawa ndiyo nchi ya hesabu. Kuna hadithi inasimuliwa sana, ya mfanyabiashara wa Kijerumani wa karne ya 15 aliyeuliza ampeleke wapi mwanawe kusoma. Akaambiwa kama anataka ajue kujumlisha na kutoa tu, vyuo vya Ujerumani vinatosha. Kama anataka ajue kuzidisha na kugawanya, ampeleke Italia. Ni hadithi tu, lakini nikiisoma nacheka peke yangu. Kumbe kuna watu walikwenda ughaibuni kutafuta hesabu ya darasa la tano!

Na huko Italia walikuwa wakigawanya vipi? Wengi kwa njia iliyoitwa galea, yaani merikebu ya makasia. Ilikuwa ni ile ya ubao wa vumbi iliyohamia kwenye karatasi: badala ya kufuta tarakimu unaipiga mstari na kuandika mpya juu yake. Ukimaliza, tarakimu zimerundikana juu na chini mpaka umbo linafanana na chombo chenye tanga. Kitabu cha hesabu chenye tarehe ambacho ndicho cha zamani kuliko vyote vilivyochapishwa Ulaya, kilichotolewa Treviso karibu na Venice mwaka 1478, kinafundisha hivyo. Galea ilipendwa kwa kuwa haichukui nafasi kubwa, na iliendelea kutumika Ulaya kwa zaidi ya miaka 200 baada ya hapo. Ubaya wake ni kwamba ukikosea katikati, kutafuta kosa ni sawa na kutafuta sindano kwenye rundo la mitumba.

Kisha, mwaka 1491, Filippo Calandri alichapisha kitabu chake cha hesabu huko Florence. Humo mna kugawanya kulikoandikwa kwa mtindo ambao mtoto wetu ameletewa darasani leo. Huo ndio mfano wa kwanza wa mtindo huu unaojulikana kuchapishwa. Waitalia waliuita "a danda", maana yake ni kwa kutoa au kupa, kwa kuwa kila ukimaliza kutoa unaipa baki tarakimu moja zaidi kutoka juu. Kwetu mwalimu alituimbisha: gawanya, zidisha, toa, shusha. Ile "shusha" ndiyo "danda".

Tuifanye basi. 8,621 kwa 37. Tunaanza na 86. Hapo 37 iko karibu na 40, na 40 kwenye 86 inaingia mara 2. Andika 2. Mbili mara 37 ni 74. Toa, baki 12. Shusha 2, inakuwa 122. Arobaini kwenye 122 ni mara 3. Tatu mara 37 ni 111. Toa, baki 11. Shusha 1, inakuwa 111. Mara 3 tena, baki sifuri. Jibu 233, lile lile la Mmisri.

Angalieni kilichobaki kwenye karatasi. Kila kisio liko pale, kila kuzidisha kuko pale, kila baki iko mahali pake. Mtu mwingine ambaye hakuwepo anaweza kuichukua, akaifuata mstari kwa mstari na kusema "hapa pako sawa, hapa umeteleza". Njia hii inakula karatasi kuliko ubao wa vumbi na kuliko galea, na kwa mtu mmoja stadi pengine si ya haraka zaidi. Ilishinda polepole, kadiri karatasi ilivyoshuka bei na kadiri hesabu zilivyokuwa zinapita mikononi mwa watu wengi, karani akiandika na mwingine akikagua. Tangu al-Uqlidisi alalamikie ule ubao hadi Calandri ni zaidi ya miaka 500. Tangu Ahmose ni zaidi ya miaka 3,000. Halafu mtoto tunampa wiki mbili.

Hata baada ya hapo kisio liliendelea kuwasumbua watu wakubwa. John Napier, bwana wa Kiskoti, mwaka 1617, mwaka ule ule aliofariki, alitoa kitabu chenye maelezo ya vijiti vilivyochongwa tebo. Unavipanga sambamba, unapata tebo ya 37 au ya 5,846 au ya namba yoyote uitakayo, na hapo hukisii tena, unasoma. Na Samuel Pepys, msomi wa Cambridge aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliandika kwenye shajara yake mwezi Julai 1662 kwamba ameanza kujifunza hesabu na kwamba kazi yake ya kwanza ni tebo ya kuzidisha. Alikuwa na miaka 29. Shemeji, soma mstari huo mara mbili.

Na sisi pwani tulikuwa na kugawanya kwetu. Neno pesa mnalolitaja kila siku lilikuwa sarafu halisi, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Mtu akitaka kugawa rupia alikuwa anakata nusu, na nusu ya nusu, hadi mara sita akafika kwenye pesa moja. Mmisri angefurahi sana. Wajerumani waliibadilisha mwaka 1904 wakaweka heller 100 kwa rupia, na Waingereza wakaleta shilingi ya senti 100 mwaka 1921. Cha ajabu ni kwamba kwao wenyewe walibaki na paundi ya shilingi 20, na shilingi ya peni 12, hadi tarehe 15 Februari 1971. Nimewahi kumhudumia mzee mmoja aliyesoma enzi hizo. Usiku usingizi ukimkataa alikuwa ananiomba nimpe paundi kadhaa azigawe kwa watu 17, anajibu kwa paundi, shilingi na peni, bila kuandika. Majina ya wajukuu alikuwa ameanza kuyasahau. Kugawanya alikuwa hajakusahau.

Najua mtasema: "Sawa, lakini siku hizi simu ina kikokotoo." Kweli. Basi nisikilizeni kisa hiki. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely wa chuo kimoja cha Virginia, Marekani, aligundua kwamba kompyuta yake mpya yenye chipu ya Pentium inakosea kugawanya. Hesabu iliyokuja kuwa maarufu ni 4,195,835 kugawanya kwa 3,145,727. Jibu sahihi linaanza na 1.3338. Chipu ilitoa 1.3337. Ukilichukua jibu hilo ukalizidisha urudi ulikotoka, hulingani: unakosa 256 nzima. Ilikuwaje? Chipu ile ilikuwa inagawanya kwa kukisia pia! Ndani yake kulikuwa na jedwali la kuiambia ikisie tarakimu gani katika kila hatua, na baadhi ya nafasi za jedwali hilo ziliachwa bila namba. Kampuni ya Intel ilikubali kuzibadilisha chipu hizo na kutenga dola milioni 475 kwa kazi hiyo. Miaka yote hiyo, kutoka mafunjo hadi chipu, mahali pa kuteleza ni pale pale panapomliza mtoto wetu.

Sasa wodini. Daktari ameandika mgonjwa apewe lita moja ya maji kwa saa 8, na seti ya dripu inatoa matone 20 kwa kila mililita. Mililita 1,000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 mara dakika 60 ni dakika 480. Kwa hiyo 20,000 kwa 480, ni matone mangapi kwa dakika? Kabla sijagusa kitu chochote nasema moyoni: 480 iko karibu na 500, na 500 kwenye 20,000 ni 40. Jibu lazima liwe karibu na 40. Kisha nafanya hesabu yenyewe: 41 na theluthi mbili, tunasema matone 42. Kama kidole kimeteleza na kikokotoo kikaniambia 4 au 417, nitakataa, kwa sababu kisio langu limeshanionyesha jibu liko mtaa gani. Mtu ambaye hakukisia hana cha kukatalia. Atakubali anachoambiwa na kioo, na mgonjwa ndiye atakayelipa. Makosa ya mara kumi, ya nukta moja kuhama, ndiyo tunayoyaogopa kuliko yote, hasa kwa watoto wachanga.

Huku tuna pampu za kupima dripu. Lakini pampu huharibika, na nyumbani wengi mnajua kwamba katika wodi nyingi muuguzi anasimama na saa anahesabu matone kwa macho. Kwa dawa za hatari tunakagua wawili: kila mmoja anafanya hesabu yake peke yake, ndipo tunalinganisha. Tusipolingana, tunaweka karatasi mbili mezani na kufuata mstari kwa mstari mpaka tuone tulipoachana. Hapo ndipo ninapowashukuru akina al-Uqlidisi. Tangu mwaka 2018 baraza linalosimamia wauguzi wa Uingereza limeweka sharti kwamba mwanafunzi wa uuguzi lazima apate 100 kwa 100 kwenye mtihani wa hesabu za dawa. Tisini na tisa amefeli.

Kwa hiyo dada, na wazazi wengine mlio na kesi kama hii, nawaomba haya. Mwanetu akifika kwenye 37, kwanza aandike pembeni tebo ya 37 kutoka 1 hadi 9 kwa kujumlisha tu: 37, 74, 111, 148, na kuendelea. Huo si wizi, ni vijiti vya Napier bila kuchonga. Afanye hivyo mwezi mzima mpaka woga uishe. Kisha aanze kukisia kwa kuizungusha namba: 37 aione 40, 62 aione 60. Na afundishwe kwamba kisio likikosea, hesabu yenyewe inamwambia. Akizidisha akapata namba kubwa kuliko iliyopo, amekisia zaidi, apunguze moja. Akitoa na baki ikawa sawa na 37 au kubwa kuliko 37, amekisia pungufu, aongeze moja. Jaribuni 224 kwa 28: ukiiona 28 kama 30 utakisia 7, utapata 196, na baki itakuwa 28. Bado 28 moja imo! Basi jibu ni 8. Mtoto anayefuta 7 na kuandika 8 hajakosea hesabu. Anafanya hesabu yenyewe.

Akimaliza, azidishe jibu kwa 37 aone kama anarudi alikotoka. Hapo hahitaji mwalimu wala baba wa kumwambia kama amepata. Anajua mwenyewe. Nawaambieni, kwa mtoto aliyezoea kuambiwa "huna kichwa", kujua mwenyewe kwamba amepata ni jambo kubwa sana.

Nawaachia moja ya kujipima, wakubwa kwa wadogo, na simu ziwekwe mbali: 9,853 gawanya kwa 59. Haina baki. Kisio kwanza, halafu njia ndefu, halafu zidisha urudi. Majibu yenu nayasubiri, na wale mliokuwa mnajificha nyuma ya darasa kipindi cha hesabu nawataka mtangulie kujibu. Makala ya kodi za nyumba inafuata, safari hii kweli. Salamu kwa wote, na shemeji, salamu zako ni za pekee.